Je, Wajua? Maajabu ya Sinema za 1994, Mwaka Ninaoupenda Kuliko Yote

Ukiniambia nichague mwaka mmoja tu wa sinema na mingine yote niiache, nitachukua 1994 bila kusita. Ndio mwaka wa Simba na Mufasa, wa basi lisiloruhusiwa kupunguza mwendo, wa Jackie Chan juu ya makaa ya moto, wa Madhuri Dixit akicheza harusini. Ni mwaka huohuo Tanzania Bara ilipoanza kupata vituo vyake vya televisheni, kwa hiyo wengi wetu picha hizi tulizipata baadaye kidogo, kwa deki na kanda, kwenye vibanda vya video ambako dirisha linazibwa kwa kanga ili giza litoshe.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba mwaka huo kompyuta zilikuwa zimeanza kufuta vitu kwenye picha bila mtazamaji kushtuka, huku watu wengine wakiendelea kuungua na kuvunjika kweli kweli ili picha itoke. Basi ukizitazama leo, mara nyingi ulichodhani ni cha kweli ndicho cha kutengenezwa, na ulichodhani ni uongo mtupu kilitokea hivyohivyo mbele ya kamera. Hizi hapa picha ninazozipenda, kila moja na siri yake.

Nyumbu wa dakika mbili na nusu walichukua karibu miaka mitatu

Mbio za nyumbu zinazomletea Mufasa mauti kwenye The Lion King ni za kama dakika mbili na nusu tu, lakini watu wa kompyuta wa Disney walizihangaikia kwa karibu miaka mitatu. Sehemu kubwa ya picha ilichorwa kwa mkono, na kuchora mamia ya nyumbu wakiteremka bondeni, kila mmoja na hatua zake, kungewamaliza wachoraji. Ikabidi iandikwe programu mpya ya kuwakimbiza nyumbu kama kundi bila mmoja kupita ndani ya mwili wa mwenzake. Kisha wakapakwa rangi na kuwekwa kivuli hadi wafanane na mchoro wa mkono. Tazama tena kipande kile polepole, uone kama utagundua mkono unaishia wapi na mashine inaanzia wapi.

Cha ajabu zaidi, Disney wenyewe hawakuitegemea sana picha hii. Wachoraji wengi wenye majina walikimbilia Pocahontas, iliyodhaniwa ndiyo itakayobeba heshima. Simba wakaachiwa wengine, wengi wao vijana waliokuwa wakipata nafasi kubwa kwa mara ya kwanza. Baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya kuangalia mandhari, na ukifika Hell's Gate karibu na Naivasha utaitambua miamba ile bila kuambiwa. Halafu Januari 1994, miezi mitano kabla ya picha kutoka, tetemeko la ardhi likaipiga Los Angeles. Studio ikafungwa, wachoraji wakamalizia kazi majumbani mwao. Picha hiyo waliyoachiwa vijana ikaingiza zaidi ya dola milioni 750 duniani ilipopita kumbini mara ya kwanza.

Mufasa na Sarabi walikuwa mfalme na malkia tangu 1988

Sauti ya Mufasa ni ya James Earl Jones, na sauti ya mkewe Sarabi ni ya Madge Sinclair. Wawili haohao ndio wazazi wa Eddie Murphy kwenye Coming to America, mfalme na malkia wa Zamunda. Miaka sita baadaye wakarudi kwenye kiti kilekile cha enzi, safari hii wakiwa na manyoya.

Kabla ya Timon na Pumbaa, kulikuwa na Them Mushrooms

Maneno "hakuna matata" wanayoyaimba Timon na Pumbaa yalikwisha kuzunguka dunia kwa njia ya muziki miaka 12 kabla ya The Lion King. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya pwani ya Kenya ilitoa Jambo Bwana, wimbo uliopigwa kwenye kila hoteli ya ufukweni mpaka watalii wakaubeba hadi kwao. Disney nao wakayapenda maneno hayo kiasi cha kuomba kuyasajili kibiashara kwa ajili ya mavazi. Usajili ukatoka 2003. Habari hizo zilipoenea 2018, zaidi ya watu 100,000 walitia saini kupinga, na mimi niko upande wao kabisa: maneno ya watu wote hayastahili hati ya mwenye mali.

Muziki wa picha hiyo una mambo mengine mawili. Kati ya nyimbo tano zilizowania Oscar ya wimbo bora wa mwaka huo, tatu zilitoka humohumo, na uliobeba tuzo ni ule wa mapenzi wa Elton John na Tim Rice. Na ile sauti inayopasua alfajiri mwanzoni kabisa, kwa Kizulu, ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni. Picha ilitoka Juni 1994. Nchi yake ilikuwa imepiga kura ya kwanza ya watu wote Aprili ya mwaka huohuo. Mtunzi mkuu, Hans Zimmer, alifiwa na baba yake akiwa mtoto, na amewahi kusema kwamba alipokuwa akiandika muziki wa kifo cha Mufasa, huyo ndiye aliyekuwa akimlilia. Ndiyo kazi iliyompa Oscar yake ya kwanza.

Lile daraja la Speed halikuwa na pengo

Basi la Keanu Reeves na Sandra Bullock linaruka pengo la futi 50 kwenye barabara ya juu. Barabara hiyo ipo Los Angeles, ilikuwa imetoka tu kujengwa, na haikuwa na pengo hata la kupitisha kidole. Basi halisi lilirushwa kweli kwa kupandishwa kwenye ngazi ya mteremko, kisha watu wa kompyuta wakaifuta barabara iliyokuwa chini yake.

Na hesabu zinasemaje? Futi 50 ni kama mita 15. Basi linalokwenda kilomita 100 kwa saa lingetumia nusu sekunde na ushei kulivuka pengo hilo, na katika muda huo mdogo lingekuwa limeshuka karibu mita moja na nusu. Pua ingegonga ukingo wa ng'ambo. Lakini nani alikuwa na muda wa kupiga hesabu pale? Kibanda kizima kilikuwa kimesimama! Zaidi ya yote, picha hii iliyodanganya macho kiasi hicho ilishinda Oscar mbili, na zote mbili ni za sauti.

Luteni Dan alikuwa na miguu yote miwili

Kwenye Forrest Gump, Gary Sinise anacheza askari aliyekatwa miguu Vietnam, na kuna watazamaji walioamini kabisa kwamba mwigizaji huyo ni mlemavu. Alivishwa kitambaa cha buluu kuanzia magotini kwenda chini, akapigwa picha, kisha mafundi wakaifuta miguu kipande kwa kipande na kurudishia kilichokuwa nyuma yake: ukuta, shuka, sitaha ya boti. Kuna mahali anazungusha miguu yake juu ya maji kabla ya kujitosa baharini. Hapo ndipo mimi nilipoamini kwamba sitaamini tena macho yangu sinemani.

Mpira wa meza nao ni vilevile. Tom Hanks anapopigana na Wachina kwa kasi ile ya kutisha, mezani hakuna mpira wowote. Waigizaji walikuwa wakipiga hewa, mpira ukatiwa baadaye kwa kompyuta. Na katika vipande kadhaa vya zile mbio za kukatiza Marekani, anayekimbia ni mdogo wake Hanks, Jim, kwa sababu ana mwendo unaofanana na wa kaka yake.

Lakini lafudhi ile nzito ya Forrest haikutoka kwa mwalimu wa lugha. Ilitoka kwa mtoto. Michael Conner Humphreys, kijana mdogo wa Mississippi aliyechaguliwa kucheza Forrest wa utotoni, alikuwa anazungumza hivyo kwao. Badala ya kumfundisha mtoto amwige Hanks, Hanks akaketi akamwiga mtoto. Akabeba Oscar ya mwigizaji bora kwa mwaka wa pili mfululizo, jambo ambalo kabla yake mwanaume mmoja tu ndiye aliyelifanya: Spencer Tracy, miaka ya 1930.

Picha iliyokosa watu kumbini ndiyo iliyopanda hadi namba moja

The Shawshank Redemption iligharimu dola milioni 25, na ilipotoka mara ya kwanza Marekani ilirudisha kama milioni 16. Iliwania Oscar saba, haikupata hata moja. Leo, kwenye orodha ya picha 250 bora zinazopigiwa kura na watazamaji katika mtandao wa IMDb, imeshika kilele tangu 2008. Kilichoifufua ni kanda. Mwaka 1995 zilisambazwa nakala zipatazo 320,000 kwenye maduka ya kukodisha ya Marekani, wingi mkubwa mno kwa picha iliyoanguka, na walioiona wakaanza kuwaambia jirani na ndugu. Kuanzia 1997 televisheni ikaichukua na kuirudia na kuirudia.

Hii ndiyo namba moja yangu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Gereza lile ni la kweli. Lipo Mansfield, Ohio, na lilifungwa 1990, ndiyo maana watu wa sinema waliweza kuingia. Bomba la kinyesi ambalo Tim Robbins analitambaa gizani lilijazwa sharubati ya chokoleti, unga wa mbao na maji. Picha ya ujana ya mfungwa Red, anayechezwa na Morgan Freeman, iliyobandikwa kwenye karatasi zake za kuombea msamaha, ni ya Alfonso Freeman, mtoto wa kumzaa wa Freeman mwenyewe. Katika hadithi ya Stephen King ya 1982, Red mwenyewe ni Mwairishi mwenye nywele nyekundu. Baada ya Freeman, mimi siwezi kumwona Red mwingine.

Mfungwa mzee, Brooks, anamlisha kunguru wake funza. Chama cha kutetea wanyama kilichosimamia upigaji wa picha kilidai funza huyo asiuawe kwa ajili ya sinema: awe aliyekufa mwenyewe. Wakamtafuta aliyekufa mwenyewe, wakampata, kazi ikaendelea.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha hundi. Mwongozaji Frank Darabont alimlipa King dola 5,000 kwa haki za hadithi ile. King hakuipeleka hundi benki. Miaka ilipopita aliiweka kwenye fremu, akamrudishia Darabont pamoja na kijibarua cha kumwambia aitunze, asije siku moja akahitaji pesa za dhamana.

Na ule mti wa mwaloni ambao Red anaufuata mwishoni? Ulikuwapo kweli, nje ya mji uleule, na watu walikuwa wakisafiri kwenda kuuona. Radi iliupasua 2011, upepo ukaulaza chini 2016.

Ile sindano ya moyo ilipigwa kinyumenyume

Kwenye Pulp Fiction, John Travolta anamchoma Uma Thurman sindano ya kifua kwa nguvu zote, na ukumbi mzima unafumba macho. Ukweli ni kwamba alianza sindano ikiwa imegusa kifua, akaivuta juu kwa kasi, halafu filamu ikarudishwa nyuma. Quentin Tarantino, aliyewahi kuwa muuzaji kwenye duka la kukodisha kanda huko California, aliitengeneza picha hii kwa kama dola milioni 8. Ikachukua tuzo kuu ya Cannes na kuingiza zaidi ya milioni 200. Gari jekundu analoendesha Travolta, Chevrolet Malibu ya 1964, lilikuwa la Tarantino mwenyewe. Liliibwa wakati huohuo wa kupiga picha. Polisi walilipata 2013, wakati picha yenyewe ina karibu miaka 20!

Bajeti moja ya Schwarzenegger ingetosha sinema 3,600

True Lies ya James Cameron, anayoigiza Arnold Schwarzenegger, ndiyo picha ya kwanza kutengenezwa kwa dola milioni 100. Mwaka huohuo kijana Kevin Smith alitoa Clerks kwa dola 27,575. Gawanya mwenyewe: pesa za Arnold zingezaa Clerks zaidi ya 3,600. Smith aliuza mkusanyiko wake wa vitabu vya katuni na kujaza kadi za mkopo. Mchana alikuwa anauza dukani New Jersey, usiku anapiga picha kwenye duka lilelile. Kwa kuwa nje ni giza na hadithi inatokea mchana, ilibidi milango ya chuma ibaki imefungwa muda wote, hivyo akaandika kwenye hadithi kwamba kuna mtu ameziba tundu za kufuli kwa bablishi. Nampenda mtu anayegeuza shida kuwa kisa namna hiyo.

Mama wa Jackie Chan alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa

Kwenye Drunken Master II, Jackie Chan, aliyezaliwa 1954, anacheza kijana mtundu anayemwogopa baba yake. Baba ni Ti Lung, aliyemzidi Jackie miaka minane tu. Mama wa kambo ni Anita Mui, aliyezaliwa 1963. Wala huwezi kulishtukia hilo, maana Anita Mui anamburuza Jackie kama mwanawe kweli, tena anachekesha kuliko wote mle ndani.

Sasa makaa. Kwenye pigano la mwisho kiwandani Jackie anaangukia makaa yanayowaka na kujirudisha nyuma kwa mikono na miguu. Makaa ni ya kweli, moto ni wa kweli, na mwili ni wake. Alilirudia tendo hilo mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika na mwendo wake. Pigano hilo, la dakika chache, lilichukua karibu miezi minne. Anayempigia yale mateke yasiyoisha, Ken Lo, alikuwa mlinzi wake binafsi! Wapenzi wa sinema za ngumi hubishana kuhusu pigano bora la wakati wote, nami jibu langu ni hili hapa na halibadiliki.

Nyimbo 14, hakuna adui

Hum Aapke Hain Koun ina nyimbo 14 na urefu wa zaidi ya saa tatu na robo. Hizo ni mechi mbili nzima za mpira, na bado zinabaki dakika za nyongeza. Wakati sinema za Kihindi zilijaa risasi na visasi, Sooraj Barjatya akaleta picha isiyo na adui wala ngumi, imejaa harusi, kiatu cha bwana harusi kinachoibwa na mashemeji, na mbwa anayepeleka ujumbe. Baadhi ya watu wa tasnia walioitazama mapema waliibeza kwamba ni video ya harusi. Ikakaa zaidi ya wiki 100 katika ukumbi wa Liberty mjini Mumbai. Mchoraji mashuhuri M. F. Husain aliiona makumi ya mara kwa ajili ya Madhuri Dixit tu, hadi akamtengenezea picha yake mwenyewe, Gaja Gamini, iliyotoka 2000.

Kwa watu wa pwani yetu, waliolelewa na picha za Kihindi kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, ile sari ya zambarau ya Madhuri haikuhitaji mkalimani.

Jim Carrey alipanda ngazi yote ndani ya miezi kumi

Februari 1994 ilitoka Ace Ventura, iliyomlipa kama dola 350,000. Julai ikatoka The Mask, ambayo pia ndiyo picha ya kwanza ya Cameron Diaz maishani mwake. Desemba ikatoka Dumb and Dumber, na kwa hiyo alilipwa milioni 7. Zote tatu ziliongoza mauzo ya kumbi za Marekani.

Picha ya likizo iliyoishinda picha ya kazi

Wong Kar-wai wa Hong Kong alikuwa amechoka kuhariri Ashes of Time, picha yake kubwa ya mapanga. Akapumzika miezi miwili, na katika mapumziko hayo akatengeneza Chungking Express, akiandika mchana na kupiga picha usiku. Chumba cha yule polisi anayezungumza na sabuni na taulo zake kilikuwa makazi ya kweli ya mpiga picha wake, Christopher Doyle. Leo wanaoijua hii ya mapumziko ni wengi kuliko wanaoijua ile aliyokuwa akiikimbia.

Mlango uliobeba mamilioni mitaani Dakar

Sasa hii ni picha ambayo watu wengi sana hawajaiona, na inaniuma. Januari 1994 faranga ya CFA ilishushwa thamani kwa nusu: awali faranga 50 zilinunua faranga moja ya Ufaransa, kesho yake zikahitajika 100. Mwaka huohuo Djibril Diop Mambéty wa Senegal akatoa Le Franc, picha ya kama dakika 45 tu.

Marigo ni mwanamuziki fukara. Mama mwenye nyumba amemnyang'anya ala yake kwa sababu ya kodi. Ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa kuogopa wezi anaibandika mlangoni kwa gundi, kisha anaifunika kwa picha ya Yaadikoone, jambazi maarufu wa Senegal anayesifiwa kwa kuwapa maskini. Namba zinasomwa. Ameshinda! Lakini gundi imeshika, tiketi haibanduki. Basi Marigo anang'oa mlango mzima, anajitwika, anaubeba kwa miguu na kwa basi kukatiza jiji hadi ofisini, ambako anaambiwa kwamba kinachotakiwa kuonekana ni upande wa nyuma wa tiketi.

Sitakwambia mwisho wake. Nitasema tu kwamba sijui kipande kingine cha sinema kinachoeleza kushuka kwa sarafu vizuri kuliko mtu mmoja mwembamba anayepishana na abiria akiwa na mlango kichwani. Mambéty alipanga picha tatu kuhusu watu wadogo wa Dakar. Alifariki 1998, ya pili, kuhusu binti mlemavu anayeuza magazeti, ilitoka baada ya kifo chake, na ya tatu haikutengenezwa.

Alikata filamu za wengine miaka 20, kisha akatengeneza yake

Moufida Tlatli wa Tunisia alikuwa mhariri wa filamu kwa karibu miaka 20 kabla ya kuongoza The Silences of the Palace, kuhusu mtumishi wa kike na binti yake katika jumba la watawala wa Tunis miaka ya 1950. Mawazo yake yalianzia kwa mama yake mzazi, aliyeugua na kuacha kusema, naye akatambua ni mengi kiasi gani hakuwahi kumuuliza. Picha ilitajwa kwa heshima Cannes na kushinda tuzo kuu ya tamasha la Carthage 1994. Binti aliyemchagua, Hend Sabri, alikuwa hajawahi kuigiza filamu. Leo ni mmoja wa nyota wakubwa wa sinema za Kiarabu. Na baada ya mapinduzi ya 2011 Tlatli aliwahi kuwa waziri wa utamaduni wa nchi yake.

Picha tatu za 1994 zilizokutana ndani ya The Matrix

Hili nililipenda sana nilipoliunganisha. Speed ndiyo iliyomfanya Keanu Reeves kuwa stelingi wa picha za vishindo. Mwaka huohuo, Hong Kong, Jet Li alicheza Fist of Legend, akirudia hadithi ya Bruce Lee ya 1972, na mapigano yake yalipangwa na Yuen Woo-ping. Ndugu wawili wa ukoo wa Wachowski, waongozaji wa The Matrix, waliiona, wakamfuata Yuen na kumwomba awafundishe waigizaji wao wa Marekani kupigana vile.

Ya tatu ni The Crow, na hii ina huzuni. Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alifariki Machi 1993 akiwa na miaka 28, baada ya bunduki ya maigizo iliyokuwa na kipande cha risasi ndani ya mtutu kufyatuliwa kwake. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha. Zilizobaki alizichezea rafiki yake wa mazoezi, Chad Stahelski, na uso wa Brandon ukawekwa kwa kompyuta, jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule. Picha ikatoka Mei 1994.

Miaka mitano baadaye ikaja The Matrix. Neo, shujaa wake, ni yule askari wa kwenye basi. Aliyepanga mapigano yake ni bwana wa Fist of Legend. Na mara nyingi Neo anaporushwa ukutani, anayerushwa ni Stahelski, ambaye 2014 alihamia nyuma ya kamera, akamwita Keanu Reeves, na wakaanza naye John Wick.